Gudrun Åslin, Mlinzi wa Rafu ya Kumi na Nne

Ijumaa tarehe 31 Mei 2019 Gudrun Åslin atakabidhi funguo za ghala la santuri la Nyumba ya Kumbukumbu ya Långforsa, baada ya kuzishika kwa miaka arobaini na miezi tisa. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe, na mwenye kalenda ataona sababu. Alhamisi ni sikukuu ya Kupaa, Jumamosi ni Jumamosi, na katika nchi hii Ijumaa iliyobanwa katikati namna hiyo haimkuti mtu ofisini isipokuwa aliyesahau kuomba ruhusa. Gudrun alitaka kuagwa na viti. Alipanga afunge mlango, atundike funguo kwenye msumari, apande baiskeli yake na kwenda zake bila hotuba ya mtu yeyote. Amekosea hesabu. Wafanyakazi wote kumi na tisa tumekubaliana kwamba siku hiyo hakuna anayechukua likizo.

Aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1978 kwa mkataba wa miezi sita, apange picha za mafuriko ya mto. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mtoto wa Arvid Åslin, mwangalizi wa mitambo katika kituo cha umeme wa maji hapo juu ya maporomoko. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa kituo, na kwa miaka kumi na minane ya kwanza ya maisha yake alilala mita sitini kutoka kwenye mitambo inayovuma mchana na usiku, kiangazi na baridi. Naomba msomaji aishike habari hiyo. Tutaihitaji mbele.

Majira yake ya baridi ya kwanza kazini, familia moja ya hapa mjini ilileta sanduku la mali ya marehemu. Ndani yake mlikuwa na santuri ndogo themanini na tatu, zile zenye wimbo mmoja kila upande, zote za bendi za bonde letu. Mkurugenzi wa wakati huo aliamuru zitupwe, kwa kuwa nyumba hii ilijengwa kutunza vitabu vya kanisa, ramani na karatasi za kampuni za magogo. Gudrun alizifunga kwenye sleji yake ya kusukuma kwa mguu, akazipeleka kwake juu ya barafu, na Jumatatu akazirudisha kwa mlango wa nyuma. Akaziweka kwenye rafu ya kumi na nne, ambayo ilikuwa tupu kwa sababu iko kwenye kona ambako mkurugenzi hakuwahi kufika. Hivyo ndivyo hazina hii ilivyoanza: kwa ukaidi na kwa uzembe wa bosi. Leo rafu ya kumi na nne ina santuri elfu moja mia moja sitini na tatu, na imemeza pia rafu ya kumi na tatu, ya kumi na tano na nusu ya ukuta.

Vijana waliokuja kazini juzi huniuliza kuna nini humo cha kutunzwa. Kuna hiki. Kati ya mwaka 1962 na 1975 hapakuwa na kona ya mto huu isiyo na bendi yake ya roki. Vijana wanne, magitaa yaliyonunuliwa kwa mshahara wa kubeba mbao, suti nne zilizoshonwa na mama mmoja kutoka katika kitambaa kimoja. Walirekodi santuri moja tu maishani mwao, katika ukumbi wa mikutano au wa kanisa, wakaagiza nakala mia tano kwa sababu kiwanda hakikukubali chini ya hapo, wakaziuza nyuma ya gari kwenye viwanja vya dansi. Kisha mmoja akaitwa jeshini, mwingine akaoa, basi.

Vitabu vinene vya historia ya roki ya Uswidi nimevisoma vyote, kalamu mkononi, na nathubutu kusema kwamba vimeandikwa na watu ambao treni yao haikuwahi kupita kituo cha tatu kaskazini ya mji mkuu. Kwao, juu ya hapo kuna miti. Hawakuwahi kujiuliza kwa nini kijiji chenye watu mia tatu kilikuwa na bendi mbili zisizosalimiana. Gudrun alijiuliza, tena akapiga simu.

Na simu ndiyo ilikuwa kazi yake. Santuri hizi hazina mwaka, mara nyingi hazina jina la mtunzi, na picha ya jalada ni vijana wanne wanaoona aibu mbele ya mti. Lakini nyuma ya kila jalada kuna namba ya kupiga ukitaka bendi ije kuchezesha dansi, na namba hiyo siku zote ilikuwa ya mama wa mmoja wao. Bendi hufa, namba hubaki na nyumba. Gudrun aliipiga miaka kumi, ishirini, arobaini baadaye, na mara nyingi mno mama yuleyule aliinua simu. Mmoja alimwambia, kabla hajamaliza kujitambulisha, kwamba vijana wana nafasi Jumamosi lakini mpiga gitaa sasa ni padri.

Alikwenda kwa basi, na maandazi ya mdalasini ya kuoka mwenyewe kwenye mfuko. Alikuwa na sheria moja: santuri haitajwi kabla ya kikombe cha tatu cha kahawa. Cha kwanza ni cha hali ya hewa, cha pili ni cha nani amefariki. Cha tatu kikimiminwa, mtu wa bonde hili huwa tayari kusema. Niliwahi kuongozana naye nikauliza swali langu kwenye kikombe cha pili. Tulirudi mikono mitupu, na njia nzima hakunilaumu hata kwa neno moja, jambo lililokuwa baya zaidi.

Amerekodi mazungumzo hayo kwenye kanda, jumla saa mia sita na zaidi. Hapo sina budi kuwakumbusha yaliyotokea mwaka 2015, ingawa wengine wangependa yasahauliwe. Mkoa ulianzisha mradi wa kuingiza kanda zetu kwenye kompyuta, na kampuni moja ya kusini ikapewa kazi ya kuzisafisha. Zilirudi safi kweli. Hapakuwa na kikohozi, wala kijiko, wala saa ya ukutani. Wala hapakuwa na majibu. Sisi huku, kila mtu anajua, hatusemi ndiyo. Tunavuta pumzi kwa meno, fyuu, na hiyo ndiyo ndiyo yetu. Kompyuta ya kusini ilizichukulia pumzi hizo kuwa uchafu ikazikata zote. Ikabaki sauti ya Gudrun akiuliza kama ni kweli mpiga besi alipanda jukwaani na mguu kwenye plasta: kimya. Kama walicheza hadi jua likatoka: kimya. Kama anaukumbuka wimbo: kimya. Mtafiti mmoja aliyesikiliza nakala hizo aliandika kwamba wazee wa bonde letu hukwepa kuthibitisha maisha yao wenyewe.

Gudrun hakupaza sauti. Alituma barua ya mistari miwili akiomba pumzi zirudishwe. Haikuwezekana kuzirudisha, lakini kanda za asili zilikuwepo, kwa sababu alikuwa amekataa kuzitupa. Ungedhani somo hilo lilitosha. Halikutosha, na miongoni mwa wasiosoma somo nilikuwemo mimi.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 nyumba yetu iliambiwa ipunguze nafasi. Ikaundwa hoja kwamba santuri zote za rafu ya kumi na nne zikiisha kunakiliwa na kusafishwa, zenyewe ziondolewe. Kwa lugha isiyo ya ofisi: zipelekwe kwenye shimo la taka la wilaya. Ripoti iliyopendekeza hivyo ina kurasa arobaini na mbili. Niliiandika mimi, na niliitetea kwa nguvu zote nilizonazo, ambazo wenzangu wanazijua. Nilisema wimbo ni sauti, si plastiki. Nilisema hatuwezi kulipia joto la chumba kizima kwa ajili ya mapenzi ya mtu mmoja. Gudrun alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kazi yake yote ilikuwa iondoke kwenye toroli kabla yake.

Sasa lazima niwaeleze santuri namba 0417, kwa kuwa ndiyo iliyonishinda.

Ni ya bendi iliyoitwa Dammluckorna, yaani Milango ya Bwawa, kutoka kijiji cha Tjärnmo. Waliirekodi Februari 1967 katika ukumbi wa kanisa, siku ya baridi ya nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Tepurekoda waliazima kwa mchungaji wa mjini, wakaileta nyuma ya pikapu wazi, kilomita arobaini. Mchungaji wa kijijini aliwapa ukumbi kutoka saa nne hadi saa sita, kwa sababu baada ya hapo akina mama washonaji walikuwa na mkutano, na akina mama washonaji hawasubiri mtu. Hapakuwa na muda wa kuacha mashine ipate moto. Grisi ya ndani ilikuwa imeganda, mota ikawa inajikokota, na utepe ukapita polepole kuliko inavyotakiwa. Walipousikiliza, mara moja tu, kwenye mashine ileile ya baridi, huku washonaji wakiburuta viti, kila kitu kilionekana sawa. Wakautuma kiwandani.

Mei zikaja santuri mia tano. Kiwandani mashine zilikuwa na joto lake la kawaida, kwa hiyo kilichorekodiwa polepole kilitoka mbio. Ngoma zilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi kwa kuanguka. Na mwimbaji, Holger Sehlstedt, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye sauti nzito, alisikika kama mtoto aliyebanwa kidole mlangoni.

Mahali pengine popote duniani watu wangeuliza. Hawa walikuwa watu wa Tjärnmo. Mpiga ngoma aliamini walicheza haraka kwa woga, akaona aibu kusema. Mpiga besi, Evald Hamrin, aliamini Holger mwenyewe ndiye aliyetaka kuimba juu vile, na hakupenda kumvunja moyo. Naye Holger, ambaye hakuwahi kujisikia kwenye santuri, aliamini hiyo ndiyo sauti yake jinsi watu wengine wanavyoisikia, na kwamba rafiki zake wamekuwa wakimwonea haya miaka yote. Hakuna aliyesema neno. Badala yake wakafanya jambo la adabu ambalo sijawahi kusikia likifanywa na bendi nyingine: wakakaza nyuzi za magitaa, wakaongeza mwendo, na kwa miaka minne wakapiga kila dansi kwa kasi ya ile santuri, ili aliyeinunua asione amedanganywa. Holger aliimba kwa ncha ya koo hadi mwaka 1971 koo lilipokataa. Kijiji kilishampa jina la Filimbi. Akawa dereva wa gari la kusukuma theluji, na hakuimba tena, si kanisani, si kwenye harusi ya binti yake.

Gudrun alipiga namba ya nyuma ya jalada mwaka 1983. Aliyeinua simu ni Edit, mama yake Holger.

"Waliacha zamani," alisema Edit. "Lakini wewe njoo. Kahawa ipo, na santuri ninazo mia mbili na kumi na mbili kwenye shimo la viazi."

Gudrun alichukua mbili, moja ya kupigwa na moja ya kutunzwa. Holger alikuwa jikoni, uso dirishani. Alipoulizwa kama jina lake liandikwe kwenye kadi ya kumbukumbu, alisema hapana kwa neno zima, na hapana ya neno zima huku kwetu ni mlango na komeo. Tangu siku hiyo kadi 0417 ilikuwa na nafasi tupu mbele ya neno mwimbaji. Gudrun alirudi kila Oktoba, msimu wa kuwinda kulungu ukiisha. Edit alipofariki mwaka 1996, Holger akaanza kumimina kahawa mwenyewe. Alimimina kikombe cha tatu miaka ishirini na miwili mfululizo na hakusema lolote juu ya wimbo ule. Gudrun alikunywa, akashukuru, akapanda basi.

Tufike masika ya mwaka jana. Ripoti yangu imeshapelekwa kwenye Kamati ya Utamaduni ya Mkoa. Gudrun, kwa kuwa hakuniamini (na alikuwa na haki), alikaa ghalani kulinganisha kila nakala iliyosafishwa na santuri yake. Nilikuwa napita na kikombe changu aliponiita ndani. Alikuwa anapiga 0417, zile sekunde mbili za mwanzo kabla wimbo haujaanza, ambapo husikii kitu isipokuwa mvumo wa umeme kwenye amplifaya. Alizirudia mara tano. Kwenye nakala safi mvumo huo ulikuwa umefutwa kama uchafu.

"Huo si mvumo wa nyumbani," alisema. "Uko juu mno."

Mimi sikusikia kitu. Lakini mimi sikulala miaka kumi na minane mita sitini kutoka kwenye mitambo. Yeye noti ile amezaliwa nayo. Umeme wa nchi hii yote huvuma mara hamsini kwa sekunde, jana, leo na mwaka 1967, na santuri hii ilikuwa inavuma mara hamsini na tano. Umeme hauwezi kuharakisha. Kilichoharakisha ni santuri. Aliongea hayo kwa utulivu wa mtu anayesoma ratiba ya basi, kisha akavaa koti akaenda Tjärnmo, ingawa haikuwa Oktoba.

Holger alikataa kuja mjini mara tatu. Mara ya nne Gudrun alimwambia hilo ndilo ombi lake la mwisho kabla ya kustaafu, na hajawahi kumwomba kingine. Akaja, ameendeshwa na Evald.

Kamati ilikaa Jumatano tarehe 14 Novemba 2018 katika chumba chetu cha mikutano. Mimi nilikuwa katibu wa kikao. Gudrun alipewa nusu saa. Mwenyekiti, Lena-Karin Brolin, ni mtu wa haki, lakini alikuwa na mwaka mmoja tu tangu ahamie huku kutoka kusini. Alieleza hoja vizuri, kwa maneno ambayo mengi nilimwandikia mimi, kisha akamgeukia Gudrun.

"Nakala tunazo, na zinasikika vizuri kuliko santuri zenyewe. Kwa nini tukutunzie plastiki?"

"Naomba mnyamaze kidogo," alisema Gudrun. "Tusikilize taa."

Watu tisa wa kamati walitazama dari. Zile taa ndefu za mrija, ambazo tumezilalamikia tangu mwaka 2003, zilikuwa zinavuma. Gudrun akaweka 0417 kwenye mashine, akashusha sindano kwenye zile sekunde mbili. Ukasikika mvumo wa pili, juu kidogo ya ule wa taa, na kwa pamoja ilichukiza kama watu wawili wanaoimba wimbo mmoja bila kupatana. Akashika kidhibiti cha mwendo. Akarudisha sindano, akapunguza. Akarudisha tena, akapunguza. Mara mivumo miwili ikakaribiana, ikagusana, ikawa mmoja. Hata mimi nilisikia. Hapo akaondoa mkono, akaiacha santuri iende.

Gitaa likaingia, taratibu, likiwa na nafasi ya kupumua. Kisha akaimba mwanamume. Sauti nzito, ya chini, yenye mchanga kidogo, ikimwambia msichana fulani asivuke mto kabla barafu haijakaza.

Holger alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia magotini. Wimbo ulipofika kati, aliuliza, bila kumtazama mtu:

"Huyo nani?"

"Wewe," alisema Gudrun. "Mashine ilikuwa na baridi."

Wimbo uliisha. Sindano ikawa inakwaruza katikati ya santuri na hakuna aliyeinuka kuitoa.

"Nilidhani mnanionea haya," Holger alimwambia Evald.

"Nikuonee haya kwa nini? Miaka minne nimekaza nyuzi mpaka vidole vikapasuka, nikijua wewe unapenda kuimba juu."

"Nilichukia kuimba juu."

"Si ungesema."

"Nawe si ungesema."

Hao ni wazee wawili wa miaka sabini na zaidi. Mwenyekiti alisubiri kwa heshima. Kisha akamuuliza Holger, kwa jina, kama anaona santuri hizi zinafaa kubaki.

Holger alivuta pumzi kwa meno. Fyuu.

Mwenyekiti akaendelea kusubiri jibu. Akatazama karatasi zake, akamtazama tena Holger, akaanza kuuliza upya. Gudrun alikuwa ameshanigeukia mimi. Alikuwa anautazama mkono wangu, kuona kama kalamu inakwenda. Nikaandika, na kwa kuwa ndiyo sentensi bora niliyowahi kuiandika katika nyumba hii, nainukuu kutoka kumbukumbu za kikao, ukurasa wa tatu: "Holger Sehlstedt alijibu ndiyo." Nikaisoma kwa sauti. Kisha nikaomba ruhusa ya kuiondoa ripoti yangu, kurasa zote arobaini na mbili, na nikatoa sababu kwa ukali ambao mwenyekiti aliomba usiingie kwenye kumbukumbu.

Kura zilikuwa saba kwa mbili. Santuri zote elfu moja mia moja sitini na tatu zimebaki. Hakuna nakala itakayosafishwa tena bila ya asili kutunzwa pembeni yake, na hilo sasa ni sheria ya mkoa mzima.

Nje, kwenye korido, Gudrun alitoa kadi 0417 mfukoni mwa koti, pamoja na penseli. Hakuuliza kitu. Holger aliibana ukutani, akaandika jina lake mwenyewe kwenye ile nafasi iliyokaa tupu kwa miaka thelathini na mitano. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa.

Mimi, mtu wa kutaka ukweli uwe mmoja, nilipendekeza mwendo wa zamani ufutwe, kwa kuwa ni kosa. Gudrun alikataa. Alisema watu mia mbili themanini na wanane walinunua kosa hilo, wakalichezea, wengine wakapata wachumba juu yake. Kwa hiyo wimbo sasa una kadi mbili: kama ulivyoimbwa, na kama ulivyochezwa. Nimebishana na watu wasomi katika miji minne na sijakutana na akili iliyo sawasawa kama hiyo.

Ningeweza kuongeza mengi. Ningeweza kutaja bendi mia mbili na kumi na nne alizozipa majina, tarehe na mpiga besi. Ningeweza kutaja sabuni isiyo na harufu ambayo sote tumenawia kwa amri yake, na kwamba hula mkate wake mkavu na jibini nje ya mlango, hata kwenye theluji, ili makombo yasiingie ghalani. Nitataja moto wa mwaka 1991 tu, kwa kuwa bado anaukana. Kengele ililia, wazimamoto wakaja, wakamkuta uani na masanduku matatu ya santuri chini ya koti la mvua, wakati vitabu vya kanisa vya miaka ya elfu moja mia sita vikiwa bado ndani. Kilichoungua kilikuwa maandazi ya mdalasini. Hadi leo haijathibitishwa yalikuwa ya nani.

Sasa kuhusu Ijumaa. Saa nane kamili mchana, katika chumba kilekile cha mikutano, chini ya taa zilezile, ambazo tumemwomba fundi asizibadilishe kabla ya Juni. Kila mtu aje na kikombe chake. Evald atakuwa kwenye besi. Mpiga ngoma anakuja na mwanawe wa kumbebea ngoma. Mpiga gitaa alifariki mwaka 2009, na dada yake atacheza badala yake; anasema alikuwa anampita kaka yake tangu zamani, ila hakutaka kusema. Dammluckorna watapiga wimbo mmoja tu, kwa mwendo ambao hawajaupiga mbele ya watu tangu ile asubuhi ya Februari 1967. Holger Sehlstedt ataimba. Amefanya mazoezi tangu Krismasi ndani ya gari la theluji la zamani, vioo vimepandishwa.

Tutarekodi. Mashine ya kurekodi itawashwa saa sita mchana, saa mbili kabla, ipate moto. Hakuna kitakachosafishwa: anayetaka kukohoa akohoe.

Gudrun, kwa niaba ya wenzako kumi na wanane, na kwa niaba ya mtu mmoja aliyekuandikia kurasa arobaini na mbili za upumbavu nawe ukaendelea kumletea maandazi, ahsante. Ulitufundisha kusikiliza kile tulichokiita uchafu. Tunakutakia siku ndefu zisizo na haraka, mto usiofurika, na mtu wa kukumiminia kikombe cha tatu kila siku ya Mungu. Ijumaa, hotuba zikiisha, mwenyekiti atakuuliza kama umeridhika. Tunajua utakavyojibu. Mashine itakuwa na joto, chumba kitakuwa kimya, na safari hii pumzi yako haitakatwa.

Ture Wallberg
Idara ya Magazeti, kwa niaba ya wafanyakazi wote